Kitabu Kilichokataa Safari

Mtu akisokota tumbaku kwenye karatasi ya daftari karibu yangu, huwa nahama. Juzi sokoni Ruangwa nilimwachia mzee mmoja benchi zima, kikapu changu cha ufuta nikakiburuta hadi juani, wenzangu wakacheka wakasema mama huyu ana maringo. Si maringo. Moshi wa tumbaku peke yake sina neno nao, baba yangu aliuvuta kwa kiko na mimi nimekaa mapajani mwake. Ni ule wa karatasi yenye maandishi, unaonuka wino kabla haujanuka tumbaku. Ukinipata puani narudi Lionja, nina miaka minane au tisa, kwetu hatukuwa watu wa kuhesabu, na kaka yangu Issa ametandaza vitabu juu ya mkeka anachagua vya kwenda navyo Ulaya.

Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka matingatinga. Mnakumbuka Wazungu walivyoingia Nachingwea wakaung'oa msitu kama mtu anayenyonyoa kuku, wakapanda karanga hadi jicho linachoka, na karanga zenyewe zikawakatalia. Sisi watoto tulijua mambo yameharibika tulipoona wameanza kutoa viti nje ya nyumba. Walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka aliacha vitu barazani: chandarua, birika, viatu vya mguu mmoja, na vitabu. Viti viligombewa. Vitabu havikuwa na mgombea isipokuwa kaka Issa, aliyekuwa akifanya kazi karakana, akavifunga nyuma ya baiskeli na kutuletea nyumbani Lionja. Mama alivitazama, akauliza kama vinapikwa.

Tulizaliwa watano, nimebaki mimi. Issa alikuwa wa kwanza na mimi wa mwisho, na katikati yetu kulikuwa na makaburi matatu madogo, kwa hiyo tulipendana kwa fungu la watu watano. Kwa kuwa nilipewa jina la bibi mzaa mama, tuliyekaa naye, Issa aliniita Bibi Mdogo. Baba tulikuwa naye, mtu mpole, lakini nyinyi mnajua mila yetu: baba nyumbani kwetu alikuwa kama mgeni aliyekaa sana. Mwenye neno alikuwa mjomba. Wetu alikuwa Mjomba Selemani Nambunga wa Chunyu. Namtaja kwa jina, na wa pili nitamtaja pia kwa jina, maana wao wamekufa na mimi sijafa, na mtu aliyenyang'anywa kitu ana haki angalau ya kusema aliyemnyang'anya ni nani.

Kule karakana kulikuwa na Mzungu mwembamba aliyempenda Issa kwa sababu ya mikono yake. Injini ikizima, Issa aliweka kiganja juu yake kama anayempima mtoto homa, akasema pa kufungua. Mzungu yule akaandika barua, barua zikaenda zikarudi, na mwisho Issa akaambiwa ataenda Uingereza mwaka mmoja na nusu kufundishwa injini. Aende na sanduku moja tu la bati. Nguo nzito zikijaa humo, pembeni pangebaki nafasi ya vitabu vitano. Yeye alikuwa navyo kumi na vinne.

Basi kila alasiri akitoka kazini ilikuwa ni mkeka na vitabu. Alivigawa mafungu matatu: vya kusoma kabla ya safari, vya kusoma melini, na vya kubaki. Kesho yake alivichanganya akaanza tena. Kitabu cha injini kilikuwa na michoro, hicho hakikuwa na ubishi, ndicho kilichompeleka. Juzuu aliyopewa na baba nayo haikuwa na ubishi. Shida ilikuwa vingine. Alikishika kimoja, akakipima mkononi, akakinusa, akafungua katikati akasoma mistari miwili, akakirudisha, kama mama yangu anavyochagua dagaa. Bibi alimtazama siku tatu, ya nne akauliza.

"Kwani huko Ulaya hawana vitabu?"

"Wanavyo, bibi," Issa akasema. "Ila havinijui."

Bibi akatikisa kichwa. Jibu lile lilimwingia, na mtaona lilikotupeleka.

Vya kusoma kabla vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha maneno, Kiingereza upande huu na Kiswahili upande huu, namna ya kuomba chai, namna ya kumwambia daktari panapouma. Issa alifanya mazoezi na bibi, kwa sababu mimi nilicheka mno. Alisimama mlangoni akamuuliza bibi kwa Kiingereza stesheni iko wapi, na bibi, akichambua mboga, akajibu marahaba mjukuu wangu. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba ana baridi kali kifuani. Marahaba, akasema bibi, na wewe pia.

Cha pili kilikuwa cha ramani. Alinionyesha sisi tulipo, akaweka kidole pasipo na jina lolote, halafu akakikokota kidole hadi huko aendako. Njia nzima ilikuwa buluu. Nilidhani buluu ni mahali ambapo bado hawajachora. Nikamhurumia kaka yangu kupitishwa sehemu ambazo haziko tayari, nikamwomba asubiri wamalize kwanza. Hakunicheka. Alisema wachoraji wa huko ni wavivu, akiwasubiri atazeeka.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Alipoulizwa na watu ataondoka lini, alizoea kujibu, "Nikimaliza hivi viwili, naondoka." Mimi nikashika neno hilo kama lilivyo. Nikajua kwamba vitabu ndivyo vinavyomwondoa. Ukurasa wa mwisho ukifunuliwa, miguu yake itajiendea. Kila alipoacha kusoma aliweka unyoya wa kanga pale alipofika. Basi akienda kazini, mimi niliutoa ule unyoya nikaurudisha nyuma, kurasa kumi, kurasa kumi na tano. Jioni yake alikifungua kitabu hapo, akasoma. Akasema, akinitazama kwa pembe ya jicho, kwamba Wazungu nao wana tabia ya kurudia rudia maneno. Kisha akasoma tena kurasa zile zile mpaka mwisho bila kuruka, na mimi nikaona nimeshinda, nimempatia mama siku nyingine moja ya mtoto wake.

Sasa kuna kile kitabu chenyewe. Kilikuwa cha Kiswahili, jalada limeng'oka, sijui kilitoka nyumba gani na jina lake sikulijua, nadhani hata Issa hakulijua. Kilikuwa na hadithi ya mji ambao ngoma yake ilipotelewa na sauti. Watu wanapiga, mkono unadunda, hakitoki kitu. Kijana mmoja akatumwa aifuate ile sauti popote ilipokwenda. Issa alinisomea kila siku kabla ya magharibi, kipande kipande, na mimi nilikuwa nakaa nyuma yake nimeweka shavu mgongoni, kwa sababu sauti ilikuja vizuri zaidi kupitia mifupa. Kijana alivuka mito, alilala kwa watu wasio na masikio, alifanya kazi ya kuchunga upepo. Siku moja akafika kwenye nyumba ya peke yake, mlango umefungwa. Akabisha hodi. Ndani kukasikika sauti ikiuliza, ni nani?

Issa akafunga kitabu.

Nililia. Nilimpiga mgongo kwa ngumi. Zilibaki kurasa kama sita, nilizihesabu kwa kidole. Akaniambia hizo ni za melini. Atazisoma katikati ya ile buluu, halafu ataniandikia kwenye barua nani alikuwa nyuma ya mlango. "Na barua hiyo utaisoma mwenyewe," akasema. "Kwa hiyo nenda shule. Usipojua kusoma, mlango utabaki umefungwa." Nikamwona amefunua ukurasa wa mwisho kidogo, akachungulia, akatabasamu. Tangu hapo niliamini anajua, na ananificha.

Kwetu mtu haendi safari ndefu bila kuulizwa unga. Wenyeji wa kule mnajua: unga wa mtama wa mbepesi, yaani wa tambiko, unamiminwa taratibu kwa vidole mpaka usimame kama kichuguu chenye ncha, unataja majina ya waliotangulia, unaufunika kwa chungu jioni, unaufunua asubuhi. Ukikuta umesimama, nenda. Ukikuta umeporomoka, umekatazwa. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alinung'unika kila mara, na kila mara mwanawe akisafiri mkewe aliazima chungu kwetu.

Unga wa Issa uliulizwa ukasimama imara. Mama alilia kwa kuona umesimama. Mambo yangeishia hapo, lakini bibi akasema bado. Akasema mtoto mwenyewe ametamka kwamba vitabu hivi vinamjua na vya kule havimjui. Ndani ya kila kimoja kuna mtu anasema, sisi sote tumewasikia wakisema kwa mdomo wa Issa. Huwezi kuvuka maji na watu watano bila kuwauliza kama wanakubali. Mjomba Selemani alikuwa amekwishafika kutoka Chunyu kwa ajili ya kuaga, na kwa safari ya mpwa wake yeye ndiye mmiminaji. Akakubali. Alipenda sana kumimina.

Kwa hiyo jioni ile nyumba yetu ilikuwa na vitabu vitano vimepangwa ukutani, mbele ya kila kitabu kichuguu cha unga, juu ya kila kichuguu chungu. Vyungu vitatu tuliazima. Majirani walipita kuchungulia, wakasema leo kwa kina Issa kuna vyungu vingi na hakuna chakula. Issa alistahi. Alivua kofia akakaa kimya mpaka majina yote ya wazee yakatajwa, ingawa nadhani moyoni alikuwa anacheka, na sijui, labda hakuwa anacheka.

Mimi niliwaza hivi. Kitabu cha hadithi kikienda, Issa atasoma mwisho huko huko, na akishaujua mwisho hana cha kumrudisha. Kikikataa safari, kitabaki nyumbani kwangu na kurasa zake sita, naye atalazimika kurudi ili amalize. Mtu gani anaweza kuishi hajui nani yuko nyuma ya mlango?

Kulipopambazuka mama na bibi walikwenda kisimani, mjomba alikuwa nje anatawadha. Nikatambaa hadi chungu cha tano. Nikakiinua. Unga ulikuwa umesimama, mweupe, ncha yake kali kama sindano. Hata sasa nikifumba macho nauona. Niliuchoma kwa kidole kimoja tu. Uliporomoka wote, polepole, kama mtu anayekaa chini amechoka. Nikafunika. Kidole nikakilamba. Issa, aliyekuwa amelala kitandani upande wa pili, akageukia ukutani.

Mjomba alifunua mbele ya watu wote. Injini imesimama. Juzuu, sema maashallah. Maneno, ramani, vyote vimesimama. Cha tano akakiinua, akakitua, akakiinua tena. Akasema hiki kimekataa.

Mama alisema labda ni panya. Mjomba akamuuliza tangu lini panya anaingia chini ya chungu na kutoka. Wote wakamgeukia Issa. Yeye alinitazama mimi, si kwa muda mrefu, halafu akasema, "Basi, kibaki." Akakichukua, akanipa mbele ya watu, akaenda kufunga sanduku.

Tulimsindikiza hadi stesheni Nachingwea kupanda gari moshi la kwenda pwani. Alivaa koti la Mzungu yule mwembamba, mikono mifupi, akaonekana kama mtu aliyekua njiani. Watu walimpa maneno mengi, ya kusali, ya kutokula nguruwe, ya kutooa huko. Mimi alinivuta dirishani akaniambia neno moja.

"Kitunze."

Gari likaondoka. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Wenzangu walikuwa wanalia na mimi nimekumbatia kitabu kwapani kama mtu aliyeweka rehani ya thamani.

Nilikaa nacho siku tatu. Siku ya nne Mjomba Selemani, kabla ya kurudi Chunyu, alitamka kwamba kilichokataa safari hakikai ndani ya nyumba, kitamvuta aliyesafiri, ataanguka majini. Bibi akasema yeye amezaliwa na kuzeeka hajasikia sheria hiyo. Mjomba akamwambia zamani hakukuwa na vitabu. Mama, mtoto wake akiwa juu ya maji, angetoa hata paa la nyumba. Mimi nilijifunga kwenye mguu wa kitanda nacho. Mjomba alinifungua vidole kimoja kimoja, bila kunipiga, bila hata hasira, kama anayetoa punje kwenye gunzi. Baba alikuwa amesimama pale pale. Alikohoa.

Mnajua hali ilivyokuwa. Wazungu walipokuwepo magazeti yalizagaa, mvutaji hakukosa karatasi. Walipoondoka, wavutaji walibaki na tumbaku na hawana cha kusokotea. Sheria ya mjomba ilizaliwa siku hizo. Mimi nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilidhani tu kwamba kitabu kimehamia Chunyu.

Wakati wa kuvuna mtama tulikwenda kumsaidia. Nikamkuta barazani na wenzake, kitabu kiko gotini. Kilikuwa kimekonda. Alichana ukurasa, akaukunja, akamimina tumbaku, akaulamba pembeni, akawasha. Mimi sikujua ninachokiona. Niliona mtu mzima ana kitabu gotini, anachukua ukurasa mmoja mmoja, na kila mmoja anautia mdomoni, anafumba macho, anatulia. Nilidhani hiyo ndiyo namna ya wazee ya kusoma. Nikasogea kwa adabu, nikapiga goti.

"Mjomba, umefika wapi?"

"Wapi nini?"

"Kwenye mlango. Alikuwepo nani?"

Akautazama ukurasa unaoteketea kati ya vidole vyake, akawakonyeza wenzake. "Moshi," akasema. "Alikuwepo moshi tu."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mjomba alilirudia lile kwa miaka, kila arusi, kila msiba, jinsi mtoto wa dada yake alivyomuuliza amefika wapi. Nami nilirudi Lionja nikijua kitabu hakipo tena, na kwamba tumaini lililobaki ni kwa Issa, aliyechungulia mwisho, aliyeahidi kuandika.

Nilipelekwa shule kwa sababu ya neno lake tu. Nilikaa darasa la kwanza, nikaingia la pili, nikaanza kuona herufi zinashikana mikono. Halafu mjomba akasema nimekua, niingie unyago, na aliyetoka unyagoni kwa mila yake anangoja mume, hangoji mwalimu. Ndiyo elimu yangu hii mnayoisoma. Mwanangu ananisahihishia, lakini maneno ni yangu.

Barua za Issa zilikuja nne. Hapa ndipo anapoingia wa pili, Athumani Likwata, karani wa mizani dukani, yule aliyekuwa akipima korosho za watu. Kusoma barua za kijiji kizima lilikuwa jambo lake, na alipenda tujue kwamba tunamchelewesha. Mama alikaa chini, mimi nikasimama nyuma yake. Likwata alisoma kwa sauti ya mahakamani: nimefika salama, baridi ni kali, kazi ni nzuri, nawasalimu fulani na fulani. Akifika chini, pale nilipokuwa nikingoja mimi, alipitisha jicho haraka, akakunja. "Hapa amemwandikia mtoto mambo ya kitoto," akasema mara ya kwanza. Nikamwomba asome. Akasema hakusomea kazi ya kuwasomea watoto ngano, kuna watu wenye magunia wanangoja. Mara ya pili hakusema hata hilo. Alisema zimebaki salamu.

Na barua ikishasomwa haikukaa kwetu. Ilipelekwa Chunyu kwa mwenye neno. Nilipomwambia mjomba nataka kuiona, akaniambia barua ni za wakubwa.

Mtoto anajua kukasirika na mmoja tu kwa wakati mmoja. Mimi nilimkasirikia Issa. Likwata alisema mambo ya kitoto, hakusema mlango. Mlango halikuwa jambo la kitoto, kwa hiyo kaka hakuuandika. Ameufikia mwisho, ameujua, amenisahau. Mama alipomwita Likwata aandike majibu, kila mara aliniuliza kama nina neno kwa kaka yangu. Kila mara nilitikisa kichwa. Nakumbuka mara moja aliniuliza kwa kunibembeleza, akaniambia sema hata moja tu, mwenzio yuko mbali. Nikageuka nikaenda kuangalia mizani.

Barua ya tano haikuwa yake. Ilikuwa ya mashine, ya Kiingereza, na Likwata aliisoma kimya, kisha akaikunja vizuri kuliko zote. Kifua. Baridi ya pili ndiyo iliyomchukua. Walimzika huko huko. Mama aliishi miaka sita baada ya hapo, lakini sisemi aliishi. Bibi aliendelea kumimina unga kwa ajili ya wasafiri wa watu wengine, lakini vichuguu vyake vikawa havina ncha.

Mimi niliolewa, nikaachwa, nikaolewa, nikazika. Hayo si ya leo.

Mjomba Selemani alizeeka sana, wabaya hawana haraka. Alipokufa nilikwenda Chunyu kwenye arobaini kwa sababu ya watu, si kwa sababu yake. Wakati tunaosha masufuria, mkewe, Bi Zuhura, ambaye sina ubaya naye, aliniita ndani akanipa kopo la biskuti. Alisema ni vitu vya marehemu kaka yako. Nikamuuliza ilikuwaje vikasalimika katika nyumba ile. Akasema, bila kuona aibu, kwamba karatasi za barua za ndege hazivutiki; ni nyembamba, ukiziwasha zinaungua mara moja kama nyasi. Marehemu mumewe alijaribu bahasha moja akaunguza sharubu.

Nilitoka nazo nyuma ya ghala. Ilikuwa kama saa tisa mchana. Nilisoma kwa darasa langu la pili, kidole chini ya neno, midomo ikitembea, silabi nikizishika mkono moja baada ya moja kama watoto wa kuvushwa barabara. Sehemu za juu nilizikumbuka, sauti ya Likwata ilikuwa bado imezikalia. Nikashuka chini.

Ya kwanza aliiandika melini. Alisema maji ni buluu kweli, wachoraji hawakuwa na kosa. Alisema vitabu vyote vinne amekwishavisoma na meli bado haijafika nusu, na kila akilala anakisikia kile cha tano. "Bibi Mdogo, kitabu kiko kwako. Mwombe mtu akusomee zile kurasa sita, au jifunze upesi uzisome, halafu uniandikie nyuma ya mlango kulikuwa na nani. Mimi sikuwahi kuuona mwisho. Siku ile nilijifanya tu kuchungulia, ili ukasirike uende shule."

Ya pili aliuliza umefika wapi. Ya tatu alisema ameulizia kitabu kile kwenye maduka ya huko, amewasimulia wenye maduka kuhusu ngoma na sauti, hakuna anayekijua; nadhani kilikuwa kimoja tu duniani, akasema, na kimetupata sisi. Ya nne mwandiko ulikuwa umelegea, mistari inateremka. Hapo alikuwa tayari yumo kitandani, mgonjwa.

"Bibi Mdogo, nilikuona asubuhi ile ukifunua chungu. Nilikuwa macho. Sikusema kwa sababu niliona unakitaka kuliko ninavyokitaka mimi, na nikaona ni vizuri kitu changu kibaki mikononi mwako. Kwa hiyo usiogope kuniandikia. Kama umeninunia kwa sababu nimeondoka, ninunie, ni haki yako. Lakini niambie mlangoni alikuwepo nani."

Nimemtaja Selemani Nambunga. Nimemtaja Athumani Likwata, ambaye pumzi yake ya kusomea mstari mmoja tu ingetosha. Nataka nimtaje na Issa, kaka yangu, kwa sababu aliniona na akanyamaza. Angenikamata mkono asubuhi ile, angenizaba kofi, angesema mbele ya vyungu vyote kwamba ni huyu, kitabu kingeingia sandukuni, kingevuka buluu, na angekufa anajua. Upole wake nao niliuhesabu pale nyuma ya ghala, nikauweka pamoja na wengine.

Miezi yote ile kitandani aliamini kitabu ninacho, na mwisho naujua, ila nimemnunia sitaki kumwambia. Na kweli nilikuwa nimemnunia.